Kunoa Wembe wa Kukunja Nyumbani: Kutoka Jiwe la Kwanza Hadi Mkanda wa Ngozi

Wembe wa kukunja wenye makali ya kweli hausikiki usoni. Unasikia povu likiondoka na mlio mdogo wa nywele zinazokatika, basi. Ukiona unakwaruza, unavuta ndevu, au unakuachia shingo inayowaka mpaka jioni, usiilaumu ngozi yako. Wembe haujanoleka. Hili huwapata hata wenye nyembe mpya, kwa sababu nyembe nyingi hutoka kiwandani zikiwa na makali ya mashine tu, na kazi ya mwisho, ile ya kuufanya wembe ufae kugusa shavu, anaachiwa mnunuzi.

Mimi nilianza na wembe mmoja na jiwe moja, namba 8000, nikiamini kwamba jiwe laini zaidi ndilo linalotia makali zaidi. Kwa miezi mitatu niliusugua wembe ule kila Jumamosi. Ulimetameta kama kioo, ukagoma kunyoa. Siku nilipouangalia kwa lenzi ya kukuzia ndipo nilipoona kwamba kwenye ukingo kabisa kulikuwa na mstari mwembamba mweupe unaorudisha mwanga. Makali hayarudishi mwanga. Miezi mitatu yote nilikuwa naung'arisha ubutu.

Makali hutengenezwa kwenye jiwe la kwanza, lile lenye kukwaruza. Mawe yanayofuata hulainisha tu kilichokwisha kupatikana. Ukilielewa hilo, robo tatu ya kazi umeimaliza, na ndiyo maana sehemu ya jiwe la kwanza nimeiandika kwa urefu kuliko zote.

Wembe hujishikia pembe wenyewe

Anayenoa kisu ana shida moja kubwa: kukishika kwa pembe ileile mwanzo hadi mwisho. Wembe wa kukunja hauna shida hiyo. Mgongo wake umefanywa mnene kwa makusudi, ili ukiulaza bapa juu ya jiwe, mgongo na makali viguse jiwe kwa pamoja na pembe ijipange yenyewe. Chukua wembe wenye upana wa milimita 16 kutoka mgongoni hadi kwenye makali, ndio ule wa tano ya nane, yaani 5/8 ya inchi. Mgongo ukiwa na unene wa milimita 4.5, pembe ya makali inakuwa kama digrii 16. Visu vingi vya jikoni viko kati ya digrii 30 na 40, kwa hiyo unaona ni wembamba wa namna gani tunaoushughulikia.

Hapo zinatoka kanuni mbili. Ya kwanza, mgongo hauinuliwi kwenye jiwe hata mara moja. Ukiuinua mara moja tu, umeyaponda makali uliyoyatafuta kwa nusu saa. Ya pili, mgongo nao utalika kidogo na kuonyesha mistari inayong'aa. Usiogope. Mgongo na makali vinapolika pamoja ndipo pembe inapobaki palepale.

Tukubaliane na majina. Ncha ni upande wa mbele. Kisigino ni mwisho wa makali upande wa nyuma, na mkia ni kile kipande cha chuma unachokishika, kabla ya mpini. Mteremko ni ule ukanda mwembamba unaong'aa kandokando ya makali, mmoja kila upande. Miteremko miwili ikikutana pasipo nafasi kati yao, hapo ndipo penye makali.

Angalia pia kwamba nyembe nyingi zimechimbwa pande zote mbili, zikawa na bonde kati ya mgongo na makali. Karibu na ukingo chuma ni chembamba kiasi kwamba ukikandamiza kinapinda. Kwa sababu hiyo mkono mzito hauna nafasi katika kazi hii.

Ukague wembe kabla ya kulowesha jiwe

Uangalie kwenye mwanga mkali. Kutu nyekundu ya juujuu hutoka kwa mafuta na kitambaa. Vishimo vyeusi vya kutu vilivyofika kwenye ukingo ni jambo jingine, maana kila ukinoa utakutana na kishimo kipya, na makali yatamomonyoka papo hapo. Pengo dogo linanoleka likaisha. Ufa hauponi: wembe wenye ufa uache, kwa sababu kipande kinaweza kukatika kikiwa shavuni.

Kisha ulaze juu ya kioo kilichonyooka. Ukicheza kama meza yenye mguu mmoja mfupi, umepinda kidogo. Nyembe nyingi za zamani ziko hivyo na bado zinanoleka vizuri kwa mpitisho nitakaoueleza. Tazama na umbo la ukingo. Ukingo uliochomoza kidogo katikati, kama tabasamu, ni mzuri. Uliozama katikati unahitaji chuma kingi kuondolewa ili unyooke, na anayejifunza asianze na wembe wa namna hiyo.

Nyembe za zamani kutoka Solingen kule Ujerumani, Sheffield kule Uingereza au Thiers kule Ufaransa, miji iliyojijengea jina kwa visu na nyembe kwa mamia ya miaka, mara nyingi zinastahili jasho lako hata zikiwa zimechakaa sura. Ukiwa na wembe wa thamani uliorithi, hata hivyo, jifunzie kwenye mwingine.

Vitu vya kuwa navyo

Mawe ya maji manne yanatosha: namba 1000, namba 4000 au 5000, namba 8000, na namba 12000. Namba ikipanda, chembe zinazokwaruza zinakuwa ndogo. Jiwe namba 1000 lina chembe za maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) zipatazo 11 hadi 15, na la 8000 kati ya 1 na 3 kutegemea mtengenezaji. Unywele wa kidevu unafika maikroni 100 au kuzidi. Fedha ikibana, lile la 12000 liache kwanza. Lile la 1000 usiliache.

Wako wanaotumia jiwe la asili la kumalizia, kama kotikule, jiwe la rangi ya njano hafifu linalochimbwa katika milima ya Ardennes nchini Ubelgiji. Linakata kwa sababu limejaa chembechembe ndogo za ganeti, aina ya madini magumu. Ukilisugua likatoa rojo linakata kwa kasi, na ukilisuuza likabaki na maji matupu linalainisha. Ni jiwe zuri sana, lakini kila kipande kina tabia yake, kwa hiyo anayejifunza atapata njia iliyonyooka zaidi kwenye mawe ya kutengenezwa.

Mbali na mawe, utahitaji mkanda wa ngozi wenye upande wa kitambaa kigumu, lenzi ya kukuzia mara 30 hadi 60, kalamu ya wino usiofutika kwa maji, penseli, msasa wa maji namba 400, kipande cha kioo kinene, na taulo. Mashine ya kunolea ya umeme usiisogeze karibu. Wembe umepata ugumu wake kwa kuchomwa na kuzimwa kwa kipimo, na ukingo ule mwembamba ukipata joto la ghafla unalainika milele. Vile vifaa vya kuvutia kisu katikati ya meno mawili navyo vitaurarua.

Mawe mengine hulowekwa dakika 10 hadi 15, mengine hunyunyiziwa tu. Soma maelekezo ya jiwe lako. Lisilotaka kulowekwa ukilitumbukiza usiku kucha linaweza kulainika au kupasuka.

Jiwe lazima liwe sawa

Jiwe jipya si lazima liwe limenyooka, na jiwe lililotumika huwa limezama katikati. Wembe hauwezi kunoleka kwenye bonde. Laza msasa wa maji juu ya kioo, umwagie maji, chora mistari ya penseli inayokatana juu ya uso wote wa jiwe, kisha lisugue jiwe kwenye msasa mpaka mistari iishe yote kwa pamoja. Ikibaki katikati huku pembeni imefutika, endelea. Chora tena, sugua tena. Malizia kwa kuzungusha kidogo kingo za jiwe, maana kingo kali humega makali.

Fanya hivi kwa kila jiwe kabla ya siku ya kwanza, na baadaye kila baada ya nyembe mbili tatu. Bamba la almasi linafanya kazi hii haraka zaidi kama unalo.

Jiwe namba 1000: hapa ndipo makali yanapozaliwa

Jipe saa nzima isiyo na usumbufu, na watoto wasiwe karibu. Kaa au simama pahali penye mwanga unaotoka mbele yako. Jiwe liwe juu ya taulo lililolowana ili lisiteleze, na liwe limeinuka kiasi kwamba vidole vyako havigongi meza.

Kabla ya yote mimi huyaua makali yaliyopo. Nauburuta ukingo mara moja, kwa uzito wake tu, juu ya ukingo laini wa glasi ya kunywea. Inauma moyo kufanya hivyo, lakini faida yake ni kubwa: baadaye wembe ukianza kukata nywele za mkono, unajua kwa hakika kwamba makali hayo yametoka kwenye jiwe lako leo, hayakuwapo jana.

Sasa paka wino wa kalamu kwenye miteremko yote miwili. Ulaze wembe juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa, upitishe mara moja kila upande, kisha tazama. Wino ukiwa umefutika kuanzia kisigino hadi ncha, wembe unalala vizuri. Ukibaki kwenye ncha, basi ncha haigusi jiwe. Ukifutika karibu na bonde lakini ukabaki ukingoni kabisa, bado una chuma cha kuondoa kabla hujayafikia makali. Mtihani huu wa wino ni mdogo, lakini umenifundisha mengi kuliko maelezo yoyote niliyowahi kupewa.

Kuhusu kushika: mkia ukae kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu na kisigino. Ukifika mwisho wa jiwe, ugeuze wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake ndani ya vidole. Kiwiko na kifundo cha mkono vibaki vimetulia. Makali yasiliguse jiwe wakati wa kugeuza. Ifanye hatua hii mara 50 kwa kisu cha mezani kabla ya kugusa wembe. Vidole vitaizoea.

Makali yatangulie. Upeleke wembe mbele kana kwamba unataka kukwangua utando mwembamba sana kutoka kwenye uso wa jiwe. Na kwa kuwa jiwe kwa kawaida ni jembamba kuliko urefu wa makali, mpitisho unakwenda mshazari: unaanza kisigino kikiwa juu ya jiwe, na kadiri wembe unavyosonga mbele unauvuta pia upande wa mkono wako, hadi unapofika mwisho ncha ndiyo iliyobaki juu ya jiwe. Ukigeuza na kurudi unafanya vivyo hivyo. Njia mbili hizo zikichorwa zinakatana kama alama ya kuzidisha. Mpitisho huu ndio unaomsaidia hata mwenye wembe uliopinda kidogo, kwa sababu kila sehemu ya makali inapata zamu yake.

Kwa kuanza, hata hivyo, chuma cha kuondoa huwa kingi, kwa hiyo fanya mizunguko ya mbele na nyuma upande mmoja mara 20 au 30, ugeuze, ufanye idadi ileile upande wa pili. Kidole kimoja cha mkono mwingine kinaweza kukaa juu ya ubapa, karibu na mgongo, kwa uzito wake tu. Hesabu kwa sauti kama ni lazima. Upande mmoja ukinolewa zaidi ya mwingine, mteremko mmoja unapanuka na ukingo unahamia upande.

Angalia maji. Hapa inama kabisa uyatazame kwa karibu. Wembe ukisonga mbele, maji yaliyo juu ya jiwe yanasukumwa na ukingo yakawa wimbi dogo sana, jembamba kama uzi. Ukingo ukiwa bado mnene, wimbi linajikusanya na kutangulia, kama linaloogopa. Miteremko inapokaribia kukutana, maji yanaanza kupanda juu ya ubapa wa wembe badala ya kukimbia mbele, kwa sababu makali sasa yanapita chini yake. Ukiona maji yanapanda kwa usawa kutoka kisigino mpaka ncha, makali yote yanaligusa jiwe. Ukiona kipande kimoja ambapo maji hayapandi, ndipo palipobaki butu. Mkono nao unasikia tofauti: wembe unaanza kulishika jiwe, kama unaonyonywa nalo, na sauti inashuka kutoka mkwaruzo mkavu kuwa mnong'ono.

Idadi ya mara siwezi kukupangia. Wembe uliochoka kidogo utaridhika na mara 40 kila upande, na wenye mapengo unaweza kutaka 300. Wanaojifunza wengi hukwama hapa kwa sababu wamesoma mahali kwamba ni mara 50, wakafika 50, wakahamia jiwe linalofuata. Wembe hauhesabu. Endelea mpaka upite majaribio yafuatayo.

Jaribio la mwanga: ushike wembe makali yakiwa juu, chini ya taa, uuzungushe polepole. Popote panapometa, pana ubapa mdogo usioisha. Makali kamili hayaonekani, ni mstari mweusi tu. Jaribio la lenzi: tazama mteremko mmoja, kisha wa pili. Mikwaruzo ya jiwe inatakiwa ifike mpaka ukingoni pande zote mbili. Jaribio la ukucha: lowesha ukucha wa kidole gumba, laza makali juu yake na uuvute wembe kwa uzito wake. Makali hunata na kusonga kwa ulaini, ubutu huteleza, na pengo hukushtua kama jiwe dogo njiani. Jaribio la ukucha linaumiza makali kidogo, kwa hiyo lifanye kwenye jiwe hili la kwanza tu.

La mwisho ni nywele za mkono. Pitisha wembe karibu kabisa na ngozi, kwanza kwa sehemu ya kisigino, kisha katikati, kisha ncha. Zote tatu zikate bila kulazimisha. Mbili zikikata na moja isikate, bado hujamaliza, hata kama umechoka.

Ukishapita hapo, punguza mkono. Toa kidole cha juu, fanya mipitisho 20 ya mshazari, upande mmoja baada ya mwingine kwa kupokezana, kwa wepesi mtupu. Hii huondoa uzi mwembamba wa chuma unaojikunja ukingoni unaponoa upande mmoja kwa muda mrefu.

Wako wanaobandika utepe wa mafundi umeme juu ya mgongo ili usichubuke. Nafanya hivyo kwa wembe wenye nakshi mgongoni, nyingine zote naziacha wazi. Ukiamua kubandika, ubaki na utepe kwenye mawe yote hadi la mwisho, na uubadilishe ukianza kulika. Utepe huinua pembe kidogo, kwa hiyo ukiutoa katikati ya safari jiwe linalofuata halitagusa makali.

Mawe ya kati

Suuza wembe, suuza mikono, futa taulo. Chembe moja ya jiwe namba 1000 ikiingia kwenye jiwe namba 8000 itaacha mfereji kwenye makali.

Kwenye namba 4000 au 5000, fanya mipitisho 30 hadi 40 ya mshazari, kwa kupokezana, mkono ukiwa mwepesi. Tazama kwa lenzi: mikwaruzo ya zamani inatakiwa imezwe na mipya iliyo myembamba zaidi. Ikibaki, ongeza 20. Kwenye namba 8000 fanya 30. Mteremko utaanza kung'aa kama maji yaliyotulia. Wembe unaotoka hapa tayari unanyoa, na wengi hawaendi zaidi ya hapa. Ukiwa wa kwanza kwako, simamia hapo, nenda kwenye mkanda, unyoe, ujue makali yako yanafananaje.

Jiwe la mwisho

Namba 12000 linataka mipitisho 15 hadi 20 tu, kwa uzito wa wembe pekee, na maji safi. Ukiweza kuushika kwa vidole viwili kana kwamba unaogopa kuuamsha, umeushika sawasawa.

Hatari ya hapa ni kuzidisha. Unaona unafanya vizuri, unaongeza 50, unaongeza 50 nyingine, halafu makali yanakuwa utando wa chuma usio na nguvu. Unakata nywele za mkono ajabu, ila ukiupeleka shavuni unakwaruza baada ya kuupitisha mara ya pili, maana utando umevunjika. Ikikutokea, rudi namba 8000 kwa mipitisho 10 myepesi, kisha umalizie upya. Ikishindikana, uburute ukingo kwenye glasi kama mwanzo na uanzie namba 4000. Hujapoteza kitu. Miteremko yako bado ni mizima, utarudi haraka.

Mkanda wa ngozi

Sasa mwendo unageuka. Kwenye jiwe makali yalitangulia. Kwenye mkanda mgongo ndio unaotangulia, makali yanafuata nyuma. Ukisahau, utakata mkanda, na kwa kasi ya kutosha utajikata na wewe.

Funga mkanda kwenye ndoano au kitasa imara, uuvute mpaka unyooke. Mkanda unaolegea unakunja makali na kuyaviringisha, kazi yako yote ya jiweni ikaishia hapo. Anza na upande wa kitambaa, mara 20 kwenda na kurudi, kisha ngozi mara 40 hadi 60. Wembe ulale bapa, mgongo usiachane na ngozi hata nukta moja, hasa wakati wa kugeuza: fika mwisho, simama, viringisha juu ya mgongo, ndipo urudi. Kasi tunayoiona kwa vinyozi wazoefu huja yenyewe baada ya miezi. Ukiitafuta siku ya kwanza, utapata mikato kwenye ngozi. Mkato mdogo unalainishwa kwa msasa laini na mkanda unaendelea kutumika.

Mkanda mtupu hausagi chuma kwa kiasi cha kuhesabika. Unasafisha ukingo na kuunyoosha. Wengine hupaka oksidi ya kromiamu, ile ya kijani yenye chembe za nusu maikroni, na yenyewe husaga kweli. Ukiitaka, ipake kwenye kipande cha pekee cha ngozi au kitambaa kilichobandikwa kwenye ubao, mipitisho 5 hadi 10 inatosha. Usiipake kwenye mkanda wako wa kila siku, haitoki tena.

Jaribio la kweli ni shavu

Kuna jaribio la kushika unywele mmoja ukaning'inia na kuugusisha kwenye makali ukatike wenyewe. Nalitumia kujilinganisha na jana yangu tu, kwa sababu unywele mnene na mwembamba hutoa majibu tofauti kwa wembe uleule. Nyoa ndipo ujue.

Lakini mwenzako akinyolewa zako tia maji, na hapa nauchukua usemi huo kwa maana yake ya wazi kabisa. Ndevu zikae na maji ya uvuguvugu na povu kwa dakika mbili tatu, zilainike. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao wa jinsi unywele, ulio laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, unavyoweza kuumega ukingo wake. Waliona kwamba vipande vidogo sana huchomoka pale unywele unapougonga ukingo kwa kuinama, mahali ambapo chuma hakiko sawa kwa ndani. Makali yako kwa hiyo yanalika kwa kumegeka, na ndevu kavu huongeza mzigo.

Vuta ngozi ikaze, inua mgongo kama digrii 30 kutoka shavuni, na siku ya kwanza nyoa mashavu peke yake. Kidevu na mdomo wa juu vitasubiri. Wembe ukivuta sehemu moja tu, kumbuka ni sehemu gani ya makali uliyoitumia. Mara nyingi ni ncha, na sababu yake ni kwamba mkono uliinuka mwishoni mwa mpitisho kwenye jiwe. Kisigino kikivuta, huenda bega la wembe, pale mkia unapoanzia, lilipanda juu ya ukingo wa jiwe na kuinua makali. Wembe wote ukivuta, rudi kwenye lenzi na utafute ule mstari mweupe. Kama upo, dawa yake iko kwenye jiwe namba 1000, wala usiitafute kwingine.

Baada ya kunyoa

Suuza, futa kwa kitambaa laini kuelekea ukingoni, kamwe si kinyume, kisha pitisha mara chache kwenye kitambaa cha mkanda ili unyevunyevu uishe. Nyembe nyingi ni za chuma cha kaboni, na tone moja la maji lililosahauliwa usiku linatosha kuanzisha kutu kwenye ukingo. Usiuhifadhi bafuni. Usipoutumia kwa wiki kadhaa, upake mafuta mepesi ya mashine. Na wembe ni wa mtu mmoja: virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuvibeba.

Kabla ya kila kunyoa, mkanda. Ukifanya hivyo kwa uaminifu, makali mazuri hukaa miezi miwili, mitatu, pengine zaidi, kutegemea ugumu wa ndevu zako. Ukianza kuhisi unavuta hata baada ya mkanda, usirudi mwanzo. Mipitisho 10 hadi 15 kwenye namba 8000, mingine 10 kwenye 12000, kisha mkanda, na wembe umerudi. Jiwe namba 1000 likae kabatini mpaka siku wembe utakapokuponyoka ukagonga sinki.